Mwanafunzi akiumia uwanjani, masomo yasilazwe kitandani

"MJOMBA, usimwambie mama."

Maneno hayo aliniambia mpwa wangu mwezi Machi 2025, baada ya swala ya Ijumaa, tukiwa tumekaa barazani nje ya msikiti wa mtaani kwetu hapa Dar es Salaam. Nilikuwa nimemwona wakati wa swala. Mimi huswali kwenye kiti nyuma (sababu nitaieleza), na yeye alikuwa safu iliyo mbele yangu. Kila alipokwenda sijda alitanguliza mkono mmoja na kuuburuta mguu wa kushoto pembeni, kama mzee wa miaka themanini. Kijana ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Nikamwambia apandishe suruali. Goti lilikuwa limejaa, pia ya goti haionekani ilipo.

Alikuwa na siku tisa tangu aumie, katika mechi ya darasa kwa darasa. Siku zote hizo hakumwambia mtu nyumbani, kwa sababu uteuzi wa timu ya wilaya kwa ajili ya UMISSETA ulikuwa umekaribia na mwalimu wa michezo alishamdokeza kwamba jina lake limo. Alikuwa anajifunga bendeji asubuhi chooni, anaificha chini ya suruali, na usiku anaifungua akiwa amejifunika shuka.

Ndugu msomaji, nilimwambia mama yake jioni ile ile. Kijana hakunisemesha kwa wiki mbili. Hata salamu aliijibu akiangalia ukuta. Simlaumu. Mwaka 2002 mimi nilikuwa kama yeye, ila mimi sikupata wa kunisemea. Ndiyo maana nimeona niandike habari hii, kwa kuwa katika mitaa yetu vijana wanaumia kila wiki viwanjani, na sisi wazazi, walezi na walimu tunashughulika na mguu peke yake, tena mara nyingi tunaushughulikia vibaya, huku mwanafunzi mwenye mguu huo anapotea mbele ya macho yetu.

Yaliyonikuta mimi

Nilikuwa kidato cha tatu, beki wa kulia wa timu ya shule, na kwa kweli sikuwa na sifa nyingine. Darasani nilikuwa wa katikati, nyumbani ni mtoto wa nne kati ya saba, lakini uwanjani watu walinijua kwa jina. Mwezi Aprili 2002, tukicheza na shule jirani, niligeuka ghafla kumfuata winga aliyenipita. Mguu ulibaki ardhini, mwili ukaenda. Hakuna aliyenigusa. Nilisikia sauti ndani ya goti kama mtu amevunja kijiti, nikaanguka. Kwa kuwa hakuna aliyenigusa, hata wenzangu walidhani najiangusha kutafuta faulo. Mwalimu wa michezo akaja na maji baridi, akanimwagia, akasema: "Simama, jikaze, mwanamume wewe." Nikasimama. Nilicheza dakika kama kumi, goti likaniachia tena, ndipo nikatolewa.

Asubuhi yake mama, Allah amrehemu, alimwita mzee mmoja wa mtaani aliyesifika kwa kuchua. Mzee alikuja na maji ya moto, majani na mafuta ya karafuu. Alinichua siku nne mfululizo, kaka zangu wawili wamenishika mabega. Uvimbe ukazidi, naye akasema hiyo ni damu mbaya inajitokeza, ni dalili njema. Wiki ya tatu ndipo nikapelekwa hospitali. Nikapigwa eksirei, daktari akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akasema mfupa hauna tatizo, akaniandikia vidonge vya maumivu.

Nyumbani wakashukuru. Na kuanzia siku ile mimi nikawa mwongo. Nikisema goti linaniachia kwenye ngazi, naambiwa hospitali wamesema mzima, unakwepa kutumwa.

Hapa pana jambo ambalo kila mzazi anapaswa kulijua. Eksirei inaonyesha mifupa. Kano na gegedu hazionekani humo. Mfupa wa paja na mfupa wa ugoko havikushikana vyenyewe. Vimefungwa kwa kano nne, mbili za pembeni na mbili za ndani zinazopishana kama herufi X. Ile ya ndani iliyo mbele ndiyo inayozuia ugoko usichomoke kwenda mbele na ndiyo inayotulinda tunapogeuka ghafla. Katikati ya mifupa hiyo kuna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo, vinavyopokea uzito wa mwili. Kano ya mbele ikikatika humwaga damu ndani ya kiungo, na ndiyo maana goti huvimba ndani ya saa chache tu. Mara nyingi hukatika bila mchezaji kuguswa na mtu: anageuka, anafunga breki, au anatua vibaya baada ya kuruka. Wasichana wanaocheza michezo ya kukimbia na kugeuka huumia kano hii zaidi kuliko wavulana. Kwa hiyo kijana akikwambia "nilisikia ko! halafu likavimba usiku ule ule", na eksirei ikaonekana safi, usimwite mwongo. Daktari wa mifupa aliyezoea viungo huweza kulitambua kwa kulishika goti na kulivuta kwa mikono yake, na kipimo cha MRI huthibitisha.

Saa za mwanzo

Nikirudi kwa yule mzee wa kuchua, sisemi alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na nia njema na hakuchukua hata senti. Lakini imepokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w) kwamba anayejitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu, basi dhamana ya madhara ni juu yake. Wanazuoni wetu wameyazungumza hayo karne nyingi, wala hayakuletwa na Wazungu. Kiungo kilichochanika ndani kinavuja. Kukikanda kwa maji ya moto na kukichua siku mbili tatu za mwanzo ni kuongeza mvujo.

Watu wengi wamefundishwa kanuni ya kupumzika, kuweka barafu, kufunga bendeji na kuinua mguu. Kanuni hiyo ilienezwa na daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, katika kitabu chake cha mwaka 1978. Mwaka 2014 daktari huyo huyo alirudi akaandika kwamba barafu na mapumziko ya moja kwa moja vinaweza kuchelewesha kupona, kwa kuwa uvimbe wenyewe ni sehemu ya mwili kujitengeneza. Ni jambo la kuheshimika mtu kurekebisha kauli yake mwenyewe baada ya miaka 36. Natamani na sisi waandishi tungekuwa hivyo. Hiyo haina maana barafu imekuwa sumu. Inatuliza maumivu, dakika kumi hadi kumi na tano, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa na si juu ya ngozi moja kwa moja. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi mgonjwa hulindwa siku chache tu, kisha huanza kujongeza kiungo polepole kadiri maumivu yanavyoruhusu, badala ya kulazwa kitandani mwezi mzima.

Na zipo dalili ambazo hazisubiri kesho: mtoto hawezi kupiga hatua nne akikanyagia mguu ule, kiungo kimepinda umbo, goti limejifunga halikunjuki, vidole vimekufa ganzi au vimekuwa baridi. Hapo ni hospitali siku ile ile. Na aliyegongwa kichwa akazubaa, akatapika, au akasahau matokeo ya mechi anayoicheza, hata kama amesimama anasema yuko sawa, asirudi uwanjani siku hiyo, na apelekwe kwa daktari.

Kilichonitoa shuleni

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa zaidi ya miaka ishirini sikumwambia mtu yeyote.

Baada ya kuumia sikwenda shule wiki saba. Kila mtu alidhani ni maumivu. Maumivu yalikuwepo, lakini baada ya wiki mbili ningeweza kwenda na magongo. Kilichonizuia ni choo. Vyoo vya shule yetu vilikuwa vya kuchuchumaa, kama ilivyo katika shule zetu nyingi, na mimi goti lilikuwa halikunjiki. Nilijaribu siku moja. Nikanyoosha mguu mbele, nikashika mlango kwa mkono, mlango ukafunguka. Waliokuwa nje walicheka kwa wiki nzima. Siku mbili zilizofuata nilikwenda shule bila kunywa maji wala chai tangu asubuhi ili nisihitaji kwenda haja, kisha nikaacha kwenda kabisa.

Hakuna aliyeniuliza. Wala sisemi hivyo kwa kulaumu, maana mwalimu gani atamuuliza mvulana wa miaka 17 habari ya choo? Lakini hebu tujiulize: ni wanafunzi wangapi wenye hogo mguuni wanakaa nyumbani kwa sababu kama hiyo, na sisi tunasema "anauguza mguu"? Ufumbuzi wake ni kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati. Fundi yeyote anakifanya kwa muda mfupi.

Likizo ya Juni ikaja. Wenzangu walikwenda tuisheni, mimi nikaenda kibanda cha televisheni. Ulikuwa mwaka wa Kombe la Dunia la Korea Kusini na Japani, na kwa tofauti ya saa mechi zilichezwa asubuhi na mchana kwetu. Nilinyoosha mguu juu ya kreti la soda na kuangalia karibu kila mechi. Na shujaa wangu alikuwa Ronaldo wa Brazil, mtu wa goti kama mimi! Alifunga mabao manane katika mashindano yale, mawili kati ya hayo dhidi ya Ujerumani katika fainali ya tarehe 30 Juni. Nilitoka kibandani nikiwa nimeshaamua: kama yeye amerudi, nami narudi.

Nilikuwa nimesoma nusu ya kisa. Nusu nyingine ni kwamba Ronaldo aliumia kano ya pia ya goti mwezi Novemba 1999 akiichezea Inter Milan, akarudi tarehe 12 Aprili 2000 katika fainali ya Kombe la Italia dhidi ya Lazio, na baada ya dakika chache tu tangu aingie kano ile ikakatika kabisa, akatolewa analia. Ilimchukua zaidi ya mwaka mwingine kurejea, naye alikuwa na madaktari bora wa Ulaya. Mimi nilikuwa na bendeji ya dukani. Mwezi Julai nilicheza mechi ya kwanza ya muhula. Dakika ya ishirini hivi goti likaniachia, na safari hii likajifunga likiwa limekunjika. Gegedu ilikuwa imechanika na kujikunja ndani.

Mwaka 2003 nilifanya mtihani wa kidato cha nne na nikapata daraja la nne. Kuna mada nzima za Hisabati na Fizikia ambazo nilizisikia kwa mara ya kwanza ndani ya chumba cha mtihani. Nilirudia kama mtahiniwa binafsi, mara mbili, mpaka nikapata sifa za kwenda chuo cha ualimu. Na goti, hata leo nikiwa na miaka arobaini, haliwezi kukunjika kwa kikao cha tahiyatu. Ndiyo sababu ya kiti.

Tulivyofanya safari hii

Kwa hiyo dada yangu aliponiuliza "tufanye nini?", nilimjibu kwamba kabla ya goti, tuanze na shule. Alinishangaa. Lakini mguu una kalenda yake, ni ya miezi, na hakuna atakayeiharakisha. Kidato cha pili nacho kina kalenda yake, na mtihani wa taifa mwishoni mwa mwaka haumsubiri mtu.

Alikwenda kumwona mkuu wa shule wiki ile ile, mimi nikamsindikiza. Hatukwenda kulalamika. Tulikwenda na mambo matatu tu yanayotekelezeka. Darasa lake lilikuwa ghorofa ya pili. Mkuu wa shule, Allah amlipe kheri, alibadilishana madarasa mawili kwa muhula mmoja. Kiti cha choo tulikichonga wenyewe tukakipeleka, kikawekwa katika choo cha mwisho chenye komeo linalofunga. Na tukakubaliana kwamba siku za kliniki, rafiki yake atapiga picha kurasa za daftari na kuzituma kwenye simu ya mama. Daladala asubuhi ilishindikana, kwani makondakta wanawakimbia wanafunzi wazima, sembuse mwenye magongo. Tukachangia bajaji na jirani anayempeleka binti yake njia hiyo hiyo. Ni gharama, na dada yangu aliacha mchezo mmoja wa upatu kwa ajili hiyo. Sitaki nionekane nasema ni rahisi.

Hospitali ilithibitisha kwamba ni kano ya ndani ya mbele. Hapo dada alilia, kwa kuwa jirani alishamwambia kwamba bila upasuaji kijana atakuwa kilema. Ndugu msomaji, hilo nalo si kweli kwa kila mtu. Nchini Sweden watafiti waliwagawa vijana wa kike na wa kiume 121 waliokatika kano hii katika mafungu mawili. Fungu la kwanza walifanyiwa upasuaji mapema kisha mazoezi. La pili walianza na mazoezi ya tiba peke yake, upasuaji ukaachwa kwa atakayeuhitaji baadaye. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2010 yalionyesha kwamba baada ya miaka miwili mafungu yote mawili yalikuwa karibu sawa, na katika lile la pili, 36 kati ya 59 walikuwa hawajapasuliwa. Baada ya miaka mitano karibu nusu yao walikuwa bado hawajapasuliwa. Wale hawakuwa wachezaji wa kulipwa, na walikuwa watu wazima. Mtoto ambaye mifupa yake bado inakua ana hesabu zake, na daktari ndiye wa kuzipiga. Wetu alisema tuanze na mazoezi, tumwangalie, na goti likiendelea kuachia tutazungumza upya. Upasuaji wa viungo kwa matundu madogo hufanyika hapa nchini, ikiwemo katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, kwa hiyo hatukuona haja ya kuwasikiliza waliotwambia tuuze kiwanja twende India.

Mazoezi yenyewe, nisikufiche, yanachosha kwa jinsi yalivyo madogo. Kukaza msuli wa paja mguu ukiwa umenyooka, kuhesabu, kulegeza. Kuvuta kisigino kuelekea makalioni, kukirudisha. Kuinua mguu ulionyooka. Kijana aliyezoea kushangiliwa uwanjani anaona ni mchezo wa watoto, anaruka siku moja, mbili, wiki. Msuli wa paja hunywea haraka mno goti linapoumia, na usiporudi, goti halina mlinzi. Mtaalamu wa mazoezi ya tiba alimpa ratiba ya mara tatu kwa siku. Mimi nikamshauri aifunge na swala. Baada ya Alfajiri, baada ya Alasiri, baada ya Isha, kabla hajaondoka kwenye mswala. Hilo lilishika kuliko kengele ya simu.

Swala yake mwenyewe ilileta mjadala. Wiki ya kwanza alipokaa kwenye kiti, mzee mmoja msikitini alimkemea mbele ya watu: kijana mdogo unakaa kiti, wazee wamesimama! Kijana Ijumaa iliyofuata akajilazimisha kukunja goti, akarudi nyumbani limejaa upya. Nilimfuata yule mzee kwa adabu, nikamkumbusha habari ya sahaba Imran bin Husayn (r.a), aliyekuwa na maradhi ya bawasiri, ambaye Mtume (s.a.w) alimwelekeza aswali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, na akishindwa kwa ubavu. Nikamkumbusha pia kisa alichokipokea Abu Daud cha mtu aliyepasuliwa kichwa na jiwe safarini, akapatwa na janaba, wenzake wakamwambia hana ruhusa ya kutayamamu, akaoga, akafa, na jinsi Mtume (s.a.w) alivyowakemea waliotoa jibu bila elimu. Mzee alisikiliza, kisha akamtafuta kijana akamwomba radhi. Kwa wenye hogo, masheikh wametufundisha kwamba mtu anaosha panapowezekana kuoshwa na kupaka maji juu ya kilichofungwa. Aulize, asivunje hogo wala asiache swala.

Wapo watakaosema dawa ya yote haya ni kuwazuia watoto mpira. Sikubaliani nao. Mtume (s.a.w) mwenyewe alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a), na mtoto asiyetoka jasho ana maradhi yake mengine. Afadhali tuwaulize walimu wa michezo kama wanawapasha watoto mwili kabla ya mechi. Kuna mpango wa mazoezi ya kupasha mwili wa FIFA uitwao 11+, wa kama dakika ishirini, usiohitaji kifaa zaidi ya mpira. Uliwahi kujaribiwa Norway kwa wasichana karibu 1,900 wa miaka 13 hadi 17, na matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha kwamba majeraha kwa ujumla yalipungua kwa karibu theluthi moja, na yale makubwa kwa karibu nusu. Katika shule nyingi ninazozijua mimi, kupasha mwili ni kupiga danadana mpaka refa apulize.

Siku timu ilipoondoka

Pamoja na mipango hiyo, siku timu ya wilaya ilipoondoka ilikuwa mbaya. Kijana alilala akiangalia ukuta tangu asubuhi, hakula, alipoitwa aliitikia kwa koo. Dada alinipigia simu kazini akidhani amezidiwa. Nilipofika nilimkuta amevua jezi ya shule iliyokuwa imetundikwa msumarini na kuisokota chini ya godoro.

Sikuwa na nasaha. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamweleza habari ya choo. Yote, tangu mlango ulivyofunguka. Kimya. Kisha nikaona mabega yanatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Akageuka: "Mlango ukafunguka, mjomba?" Ukafunguka, nikamwambia. Tukacheka wote wawili mpaka mama yake akaja kuchungulia. Baada ya kicheko ndipo akalia, na ndipo akasema lililokuwa linamla: kwamba bila mpira pale shuleni yeye si mtu, hata jina lake la utani wameshampa mwingine. Nilimwacha aseme. Mimi mwaka 2002 jambo hilo nililinyamazia, nikalipeleka kibandani.

Mwalimu wa michezo naye alimpa daftari la kuandika takwimu za mechi: mashuti, kona, mipira iliyopotea. Wiki ya kwanza alilikataa. Ya pili alilichukua. Sasa hivi anabishana na mwalimu kuhusu nani acheze kiungo.

Anachoniuliza kila wiki ni lini atarudi uwanjani. Zamani tuliambiwa "miezi sita", basi mtu anahesabu siku. Siku hizi wataalamu wanataka muda na vipimo vyote viwili. Utafiti mwingine wa Norway wa mwaka 2016, uliowafuatilia wachezaji waliopasuliwa kano hii, ulikuta kwamba kila mwezi mmoja ambao mchezaji alichelewa kurudi, mpaka kufikia wa tisa, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Na mguu ulioumia unatakiwa ufikie walau asilimia 90 ya uwezo wa mwenzake, kwa nguvu na kwa kuruka.

Mwezi Agosti, mtaalamu wake alipomruhusu kuanza kuruka kwa mguu mmoja, tulichora mstari kwa chaki uani. Mguu wa kulia: sentimita 140. Wa kushoto, jaribio la tatu, lililo bora: 104. Nikataka kumpigia hesabu, akanikatiza, akachutama nusu kwa namna yake na kuandika kwenye sakafu, 104 kwa 140 mara mia.

"Sabini na nne," akasema. "Bado, mjomba?"

"Bado."

Akaandika 74 na tarehe ukutani kando ya mlango, akaniambia tupime tena baada ya wiki mbili, na nisichelewe kwa sababu jioni hiyo ana tuisheni ya Hisabati.